Chupa za Karavia, na zile zenye hazikufika pale

Wengi wenu mulishaona zile picha. Sebule ndefu huku Karavia, madirisha makubwa upande wa ziwa, na ukuta mzima wa chupa za zamani zinazowaka na jua la magharibi. Mulisifu sana. Kuko aliyesema kwamba hii njo nyumba ya makumbusho ya kweli, ile ya Leta ilale tu. Mimi nilikuwa ndani ya ile sebule, si mara moja, na nataka kusema kitu ambacho sifa zote zile hazikusema: mkusanyo ni mzuri, lakini unadanganya. Haudanganyi kwa ubaya. Unadanganya sawa vile picha ya ndoa inavyodanganya, juu kila mutu amevaa nguo ya siku ile moja.

Nilifika kule kwa kazi. Muzee mwenye nyumba (sitamtaja jina, ni mutu wa heshima na hakuomba kuandikwa) alikuwa anatafuta mutu wa agronomia juu miti yake mitatu ya avoka ilikuwa inakauka toka kwenye vichwa. Sisi bantu ba licence tunajua vile iko: unangoja kazi miaka miwili, kiisha siku moja mutu anakupigia simu juu ya avoka tatu, na unaenda na kalamu na daftari sawa vile umeitwa na FAO. Nilichukua jembe, nikachimba shimo la kusoma udongo. Ugonjwa haukuwa fumbo. Udongo mzito, mayi karibu, mizizi inakosa hewa na kuoza. Phytophthora, wale wa promosyo yangu watakumbuka. Lakini kwenye sentimita 60 hivi, jembe liligonga kioo.

Nikashuka polepole. Chini kabisa, juu ya udongo mwekundu ambao hakuna mutu alishaugusa, kulikuwa majivu na makaa, na kipande cha chupa ya mraba ya jini, kioo cha kijani kizito karibu cheusi. Juu yake, tabaka la chupa za bia za kahawia, zote vipande. Juu tena, kapsuli zilizoliwa na kutu na sahani ya chuma iliyotoboka. Karibu na majani, plastiki, plastiki, plastiki. Kwa mutu wa udongo, hicho ni kitabu kizima. Nilipima, nikachora, nikaandika kina cha kila tabaka. Papa sentinele alikuwa ananiangalia na kucheka.

“Injenieri, unaandika takataka?”

Kiisha akanionyesha upande wa pili wa ukuta. Yeye alishachimba kule zamani, miaka na miaka, na kila chupa nzima aliyotoa aliiuza kwa muzee, franga elfu moja moja. Nusu ya kitabu ilikuwa imeshapanda kwenye etajeri.

Sasa tuingie ndani. Chupa ni zaidi ya mia mbili. Muzee amezipanga kwa urefu, na ndani ya urefu amezipanga kwa rangi: nyeupe, kijani, kahawia, buluu. Kwa jicho inapendeza, siwezi kukataa. Na kuko vitu mule vya kukusimamisha.

Kuko chupa ya Codd, ile yenye gololi ndani ya shingo. Mwingereza Hiram Codd aliivumbua miaka ya 1870 kwa vinywaji vya gesi. Gesi yenyewe inasukuma gololi juu mpaka kwenye kapete ka mpira, na chupa inajifunga. Ukitaka kunywa, unasukuma gololi irudi ndani. India na Japani bado wanazitumia, lakini zile za kale zimebaki chache, na sababu moja inanifurahisha: watoto walizivunja ili kutoa gololi wachezee. Mwaka 1892 Mmarekani William Painter akaleta kapsuli ya chuma, ile ile tunayofungua na meno ili kujionyesha, na ujanja wa Codd ukaanza kupotea.

Kuko chupa ya udongo wa kuchomwa, ya jenever, pombe ya Waholanzi na Wabelgiji. Ndefu, rangi ya mkate, na sikio dogo shingoni. Niliishika: nzito, baridi. Kuko Orangina ya tumbo la duara, ngozi ya vipele sawa chungwa. Kinywaji kilichokulia Algeria, na lile umbo ni la 1951. Kuko Mateus, divai ya Wareno iliyoanza 1942, bapa na pana kama kibuyu cha askari. Hii haikunishangaza kuiona hapa. Wareno walikuwa na maduka mengi katika huu muji, pamoja na Wagiriki, Waitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rodi, na kila mmoja alikuja na kiu ya kwao.

Na kuko ya buluu. Moja tu, ya mayi ya Tŷ Nant kutoka Wales, si ya zamani hata, juu mayi yale yalianza kuuzwa 1989. Muzee ameiweka katikati ya ukuta, peke yake, na taa nyuma yake. Bageni wote wanaishia pale. Nilimuuliza kama anajua ile buluu inatoka wapi. Akasema: Wales, si nimekwambia? Mimi nilikuwa nauliza juu ya rangi. Kioo cha buluu ile kinapata rangi kutoka kwa kobalti, na inatosha kidogo sana, chini ya moja kwa mia ya kioo chote. Kobalti, bandugu. Kile kitu ambacho malori yanabeba mbele ya macho yetu usiku na mchana kwenye barabara ya Kasumbalesa. Siwezi kusema kwamba kobalti ya chupa ile moja ilitoka Katanga, hakuna alama ya kuonyesha hivyo. Lakini kuweka chupa ya buluu katikati ya ukuta huku Lubumbashi, na kakaratasi kanasema tu “Wales, maji ya madini”, ni kama kuonyesha mtoto na kutaja mkunga peke yake.

Hapa njo ninafika kwenye tukaratasi. Kila chupa ina kakaratasi kake, kameandikwa na mkono mzuri wa mutu aliyesoma kwa bamonpère. Na tukaratasi tule tunasema mambo mengine ambayo hayawezekani. Kamoja kanasema: “Elisabethville, 1900”. Mwaka 1900 hapakuwa Elisabethville. Muji ulianza 1910. Kulikuwa bantu, kulikuwa wayeyushaji wa shaba, Msiri wa Bunkeya alishakufa miaka tisa mbele, mambo mengi sana yalikuwa yameshatendeka. Lakini hapakuwa Elisabethville ya kuandika kwenye chupa. Kengine kanasema 1880. Nikaipindua ile chupa. Mshono wa kalibu unatoka kitakoni, unapanda begani, unapita shingo nzima, na unavuka mpaka kwenye mdomo. Hiyo ni mashine. Zamani mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na ndiyo sababu mshono ulikuwa unafutika shingoni kabla ya kufika juu. Mashine ya Michael Owens, ya kwanza kufanya chupa nzima bila pumzi ya mutu, ni ya 1903. Kwa hiyo 1880 haiwezi kuwa.

Nilimwambia, kwa heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akarudisha chupa mahali pake.

“Injenieri, bageni habapendake kusikia ‘siyue’.”

Kesho yake kakaratasi kalikuwa bado pale.

Mutu anaweza kuniambia: ni chupa tu, acha muzee afurahi. Ningeacha kama zingekuwa chupa za kufurahisha tu. Lakini mulisema ni makumbusho. Neno hilo lina uzito katika huu muji kuliko miji mingine. Miaka ya 1970 wachoraji wa hapa, bale ba kuuza picha mlango kwa mlango, walikuwa na jina la kazi yao: ukumbusho. Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha hapa, aliandika sana juu ya neno lile, na ni kwake Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima, picha zaidi ya mia moja, kati ya 1973 na 1974. Picha ya ukumbusho haikutundikwa sebuleni juu ya uzuri wake peke yake. Ilitundikwa ili mgeni aulize, na mwenye nyumba aanze kueleza: hapa njo vile bazee walifungwa, hapa njo vile tulitoka Kasai. Picha bila maneno ya mwenye nyumba ilikuwa nusu. Na karibu na mwaka 2000, profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, waliomba bantu ba muji walete vitu vya nyumbani kwao na waeleze vilikotoka. Kitu kilikuja na mdomo wake. Hicho njo kipimo changu, sikukileta kutoka Ulaya. Ukuta wa Karavia una vitu vizuri, na mdomo mmoja tu unasema kwa niaba ya vyote.

Hata mpangilio wenyewe. Kwa urefu! Ingekuwa mimi, ningezipanga kwa reli. Mnacheka, lakini ngojeni. Reli ilifika hapa 1910 ikitoka kusini, kupitia Rhodesia. Kwa miaka mingi ya kwanza, karibu kila kitu kizito na chenye kuvunjika kilipanda kutoka upande ule, na kioo kilikuja na maandishi ya Kiingereza kifuani. Mwaka 1928 reli ya BCK ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, na njia ya Ubelgiji kupitia mto Kasai na Léopoldville ikafunguka. 1931, reli ya Benguela, mlango wa Angola na bahari. Chukua chupa za muzee, soma maandishi ya vitakoni, uziweke kwa njia tatu hizo, na ukuta utakuonyesha ramani: nani alikuwa anatulisha kiu, kupitia mlango gani, mwaka gani. Hakuna kitu cha kununua wala cha kujenga. Ni kuhamisha tu. Lakini ukizipanga kwa urefu, Codd ya Mwingereza inasimama karibu na Orangina juu zinalingana sentimita, na hazina hata neno moja la kuambiana.

Sasa jambo lenye lilinichelewesha kulala. Simama tena mbele ya ukuta na ujiulize: bantu ba huu muji walikuwa wanakunywa nini? Ukuta unajibu: jini, wiski, vermuti, konyaki, divai, mayi ya Ulaya. Bia ya hapa ni chupa nne kati ya mia mbili na kitu. Nne! Katika muji ambao una kiwanda chake cha bia tangu miaka ya 1920, muji wa Simba na Tembo. (Kidogo pembeni: mutu wa Mombasa ukimwambia tembo anaweza kufikiri pombe ya mnazi. Kwetu ni mnyama. Kwenye etiketi yetu mnyama na pombe vimekutana, na mutu wa pwani akiisoma anaielewa mara mbili.) Mwaka 1923 Léopoldville walikuwa wameshaanzisha brasserie yao, hii ya Primus. Zile bia zimejaza kasie kwa karibu miaka mia. Chupa zake ziko wapi?

Si dharau ya muzee, nilimshitaki bure moyoni kwa siku mbili. Ni vidanji. Chupa ya Simba haikuwa yako. Ulinunua bia, chupa ulikopeshwa. Huna vidanji, huna bia, au unalipa franga ya juu. Kila mutoto wa hapa alishatumwa na kasie ya chupa tupu kichwani na anaijua hiyo sheria mbele ya kujua amri kumi. Chupa ilirudi depo, ikarudi kiwandani, ikaoshwa na soda ya moto, ikajazwa, ikatoka tena. Ikipasuka, ilisagwa na kuyeyushwa iwe chupa nyingine. Ile ya wiski hakuna mutu aliidai. Ilibaki nyumbani kwa mzungu, kiisha kwa boyi wake, kiisha shimoni, kiisha kwa papa sentinele, kiisha kwenye ukuta wa Karavia. Kwa hiyo kilichobaki ni kile kisichotakiwa na mutu, na tunakitazama tunasema: hii njo maisha ya zamani. Ni sawa na kwenda shambani nyuma ya mavuno, uone majani makavu, uandike kwenye daftari kwamba bantu ba hapa wanalima majani.

Zile nne ningeziweka mbele ya zote. Moja ina bado etiketi ya karatasi, na kwenye etiketi neno Zaïre. Ile huna haja ya kuipindua: ni kati ya 1971 na 1997, muzee hawezi kukosea hata akitaka. Lakini iko chini, pembeni, nyuma ya mlango, juu ni ya kahawia na kahawia haiwake na jua. Kahawia njo iliwekwa ili isiwake! Bia ikipigwa na mwangaza, uchungu wa hopu unageuka na kunuka. Na hopu hiyo, mbele niisahau, hata mmea mmoja haukui hapa vizuri, juu unataka siku ndefu sana za kiangazi, na sisi tuko kwenye digrii 11 na nusu kusini, siku zetu zinalingana karibu mwaka mzima. Kila Simba ina ndani yake mmea wa mbali. Hiyo nayo ingeandikwa kwenye kakaratasi, nilimpendekezea. Alisema ni ndefu.

Lawama ya mwisho kwa muzee, na hii ni kubwa kwangu kuliko tarehe: anaziosha. Anaziweka ndani ya beseni na asidi ya betri iliyopunguzwa, anatoa kila doa, anakwangua vipande vya etiketi vilivyobaki, udongo wa ndani anaumwaga kwenye maua. Chupa inatoka bila kosa, sawa mpya, na imesahau kila kitu. Nilimwomba aniachie moja, yenye ute mkavu kitakoni, nipeleke kwa rafiki wa labo tuangalie kilikuwa nini. Alikuwa ameshaiosha asubuhi ile. Sampuli ya udongo isiyo na kina, mwalimu wetu mmoja alikuwa anaitupa dirishani mbele yetu sote, na tulimwona katili.

Lakini nimpe haki yake. Uporaji wa 1991 ulipofika, watu walibeba milango na mabati, yeye alizika chupa zake ndani ya magunia ya makapi ya mahindi. Bibi yake alimwambia achague, alichagua kwa namna ambayo walipatana tena, basi. Miaka thelathini bantu walimwona mwenye wazimu. Bila wazimu ule, nisingekuwa na kitu cha kukosoa hapa. Na juu ya papa sentinele, nilipendekeza jina lake liandikwe chini ya kila chupa aliyochimba, juu zaidi ya nusu ni zake. Nilikuwa najiona mutu wa haki sana. Papa sentinele aliniangalia kwa huruma.

“Jina yangu ya kufanya nini pale? Anilipe elfu mbili.”

Nitawaambia sasa kwa nini jambo hili linanichoma, na kama munataka municheke.

Mama yangu aliuza lutuku kule Katuba. Wengine wenu munajua, wengine mulisikia. Mahindi, mihogo, pipa, mrija wa shaba, moto usiku. Pombe iliyokatazwa tangu wakati wa Wabelgiji na yenye haikuacha kunywewa hata siku moja. Mara mbili wenye uniformi walikuja wakamwaga yote, na mara zingine walikuja wakainywa, ambayo ilikuwa hasara ndogo. Mchana aliuza munkoyo, ile ya mahindi na mizizi, ambayo haina ubaya na mutu yeyote, nilikuja kujifunza Kasapa kwamba ile mizizi ina vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na mama alinisikiliza nikimweleza, akasema: “Eyo. Na ukiiweka mingi inakuwa chungu.” Minerval yangu, miaka yote, sillabusi zote, gauni la kolasyo la kukodi, vilitoka mule. Na vyote vilipita ndani ya chupa. Chupa za Simba, za kahawia, zile ambazo hazikurudi depo.

Moja iko bado nyumbani. Ukiishika kwenye mwangaza unaona begani na karibu na kitako pete mbili nyeupe, zilizokwaruzwa, pale chupa zinagusana ndani ya kasie safari baada ya safari. Mutu mwenye kujua anaweza kuangalia upana wa pete zile na kusema: hii ilitembea sana. Kiisha, kifuani, mistari miwili ya msumari. Mmoja ni nusu, mmoja ni robo. Mama aliipiga mwenyewe juu bakliyenti walikuwa wanabisha. Kwa miaka, ule mstari wa chini njo ulikuwa chakula cha mangaribi na ule wa juu njo ulikuwa minerval.

Niliipeleka Karavia. Nilikuwa nimeikunja ndani ya kitenge. Muzee aliishika, akaipindua, akatafuta maandishi, akanirudishia.

“Hii ni vidanji, injenieri. Peleka depo.”

Sikukasirika; nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwonyesha pete. Nikamwonyesha mistari, na nikamwambia nusu ilikuwa bei gani na robo bei gani, na nani alikunywa, na nani alikimbia bila kulipa. Nilisema labda robo saa. Muzee hakunikatiza. Kiisha akainuka, akaenda mbele ya ukuta, akasimama pale muda mrefu mikono nyuma. Akasogeza ile Tŷ Nant ya buluu pembeni kidogo, upana wa chupa moja.

“Nitakupa dola makumi mbili. Na uandike mwenyewe kakaratasi.”

Dola 20, kwa chupa ya vidanji! Nilikaa mezani kwake, nikaandika. Kakaratasi ka kwanza kalijaa nikiwa bado kwenye pete. Akanipa ka pili. Akanipa bahasha nzima. Mwishoni akasoma yote, akavua miwani, akasema itabidi ipunguzwe, juu haitasomeka kwa mbali. Tungeandika: “Simba, Lubumbashi, lutuku, 1990 hivi.” Nikamwambia si 1990, ni 2009 mpaka 2016. Akasema hiyo si zamani. Tukabishana pale mpaka bibi yake akaleta chai. Mwishowe akakubali miaka yangu, na mimi nikakubali karatasi moja, mbele na nyuma. Aliweka dola juu ya meza, lakini nilimwambia nitangoja niongee kwanza na mwenyewe.

Nilirudi Katuba mangaribi. Mama alikuwa uani anachambua karanga. Nilimweleza ukuta, taa, mahali pale karibu na ile ya buluu, bageni wenye kutoka Kinshasa na hata Ulaya, dola makumi mbili. Alisikiliza vizuri. Akachukua chupa mkononi mwangu, akaipuliza ndani, akainusa.

“Uliiosha?”

Nikasema hapana, mama, sikuiosha.

“Njo vizuri.” Akaingia ndani, nikasikia mafuta ya karanga yanashuka polepole kwenye shingo. Alirudi na chupa imejaa mpaka mstari wa juu, akaiweka nyuma ya mlango, mahali pake. “Mama wa ile nyumba ya kijani atakuja siku ya tano kuchukua nusu. Kiisha tutaona.”